Jinsi ya Kupinga Uamuzi wa Mapitio ya PIP Ukiwa Unaishi na VVU Uingereza

Swali hili limekuwa likinifikia mara kwa mara kutoka kwa Waswahili wanaoishi London, Leicester, Reading na kwingineko. Mtu amelipwa PIP, malipo ya serikali kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu au ulemavu, kwa miaka kadhaa, fomu ya mapitio imefika, ameijaza kwa uaminifu, kisha barua imekuja ikisema kwamba amepata pointi sifuri na malipo yake yamekoma. Sababu zinazoandikwa kwenye barua hizo hufanana sana: virusi havionekani kwenye damu, CD4, yaani seli za kinga, imepanda, na mgonjwa anameza dawa zake bila kukosa. Wengi husoma maneno hayo, huona kwamba yote ni ya kweli, na hukata tamaa hapohapo.

Usikate tamaa. PIP, yaani Personal Independence Payment, haitolewi kwa sababu ya virusi, na kwa hiyo haiwezi kuondolewa kwa sababu tu kwamba virusi vimefubazwa. Hutolewa kwa kuangalia yale ambayo mwili na akili yako vinashindwa kuyafanya. Kipimo cha damu hakisemi kama unaweza kusimama jikoni kwa nusu saa, wala hakisemi umeamka mara ngapi usiku kwenda chooni. Kazi yako katika hatua zote zilizo hapa chini ni moja: kuwaondoa waamuzi kwenye karatasi ya damu na kuwaonyesha maisha yako ya kila siku.

Mwongozo huu unahusu England na Wales. Scotland ina malipo yake yanayoitwa Adult Disability Payment, yenye muda na taratibu tofauti, na Ireland ya Kaskazini ina idara yake. Ukiishi huko tafuta mshauri wa huko kwanza. Vilevile, ikiwa viza yako ina sharti la kutotumia fedha za umma, zungumza na mshauri wa uhamiaji mwenye kibali kabla ya kufanya jambo lolote linalohusu PIP.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Barua ya uamuzi kutoka DWP, idara ya serikali inayosimamia PIP, yenye tarehe.
- Nakala ya fomu ya mapitio uliyojaza, ambayo huitwa AR1. Kama hukubaki na nakala, omba DWP.
- Ripoti ya mtathmini, ambayo huitwa PA4.
- Orodha ya dawa zako zote, si za VVU pekee: za presha, za usingizi, za maumivu, za msongo wa mawazo.
- Daftari utakaloandika kila siku kwa wiki mbili.
- Nambari yako ya National Insurance.

Hatua ya 1: Hesabu siku zako

Una mwezi mmoja kuomba uamuzi uangaliwe upya, na mwezi huo huanza siku iliyoandikwa juu ya barua, si siku uliyoifungua. Hatua hii DWP huiita mandatory reconsideration, na huwezi kwenda kwenye baraza la rufaa bila kuipitia. Ikiwa siku zimebaki chache, piga simu DWP kwa nambari iliyo kwenye barua, sema kwamba unaomba uamuzi uangaliwe upya, andika saa, tarehe na jina la aliyekupokea, kisha tuma maelezo yako kwa maandishi. Simu hiyo hulinda tarehe yako. Waombe pia wasifanye uamuzi mpya kabla ushahidi wako haujafika, na uwaambie utautuma lini.

Hatua ya 2: Omba ripoti ya mtathmini

Katika simu hiyohiyo, omba PA4. Wengi hupinga barua ya uamuzi bila kuiona ripoti iliyouzaa, na hivyo hujibu wasichoulizwa. Ripoti ikifika, isome ukiwa na kalamu na uwekee alama kila sentensi ambayo si kweli, kila swali ambalo hukuulizwa lakini limeandikiwa jibu, na kila mahali ambapo jambo uliloweza mara moja limeandikwa kana kwamba unaliweza kila siku.

Hatua ya 3: Tafuta mtu wa kukusindikiza

Tangu Aprili 2013 msaada wa kisheria wa serikali haulipii rufaa za mafao katika baraza la kwanza, kwa hiyo usingoje wakili wa bure kutoka huko. Msaada upo kwa njia nyingine. Terrence Higgins Trust, Positively UK na National AIDS Trust wanaijua hali ya watu wanaoishi na VVU kwa undani. Positive East na Africa Advocacy Foundation wapo London, George House Trust ipo Manchester. Citizens Advice na Law Centre ya eneo lako wanajua sheria za mafao hata kama hawajabobea kwenye VVU. Anza kuwatafuta siku ya kwanza, kwa sababu foleni zao ni ndefu.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya pointi

Hapa ndipo kesi nyingi hushinda au hushindwa, na ndipo watu hupita haraka mno. Sehemu ya maisha ya kila siku ina shughuli 10: kuandaa chakula, kula, kusimamia matibabu, kuoga, kwenda chooni, kuvaa, kuzungumza, kusoma, kuchangamana na watu ana kwa ana, na kuamua mambo ya fedha. Sehemu ya kutembea ina shughuli 2: kupanga na kufuata safari, na kutembea kwenyewe. Katika kila sehemu, pointi 8 hukupa kiwango cha kawaida na pointi 12 hukupa kiwango cha juu. Pointi za sehemu moja hazihamishwi kwenda nyingine.

Chukua mfano wa mtu aliyeanza dawa Dar es Salaam au Nairobi katika miaka ya 2000 kwa stavudine, dawa iliyotumiwa kwa wingi Afrika Mashariki kabla Shirika la Afya Duniani halijapendekeza mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua. Dawa ile iliharibu neva za miguu za watu wengi, na ganzi na kuchoma vilibaki hata baada ya dawa kubadilishwa. Mtu huyu hawezi kupika bila kukaa kwenye kiti kirefu cha jikoni: hiyo ni kutumia kifaa, pointi 2. Huoga akiwa amekaa kwenye kiti cha bafuni: pointi 2. Huharisha bila kujizuia na huvaa pedi: pointi 2. Huhitaji kisanduku cha vidonge chenye siku za wiki ili asichanganye dawa zake: pointi 1. Jumla ni 7, na kwa pointi 7 hapati hata senti.

Sasa muulize kuhusu watu. Je, huenda kwenye harusi, msibani, kanisani au msikitini peke yake? Akisema kwamba tangu siri yake ilipovuja hatoki kukutana na watu mpaka dada yake amhimize, hiyo ni pointi 2 nyingine kwenye shughuli ya kuchangamana, na jumla inakuwa 9. Katika mwaka wa fedha 2025/26 tofauti kati ya 7 na 9 ilikuwa pauni 73.90 kwa wiki. Na kama kuhimizwa hakutoshi, bali lazima awe na mtu wa karibu anayejua jinsi ya kumtuliza akiwa mbele ya watu, huo ni msaada wa kijamii wenye pointi 4. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu Kabisa ya Uingereza ilikubali kwamba msaada huo unaweza kutolewa na ndugu au rafiki mwenye uzoefu na mtu huyo. Si lazima awe mtaalamu.

Unyanyapaa, basi, usiuache nje ya fomu kwa kudhani kwamba ni huzuni za moyoni tu. Ikiwa umekufanya ushindwe kukaa na watu, una nafasi yake kwenye sheria.

Hatua ya 5: Pima kila shughuli kwa maswali manne

Kanuni ya 4 ya kanuni za PIP za mwaka 2013 inasema kwamba huhesabiwi kuwa unaweza jambo mpaka uweze kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kadiri inavyohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule ambao mtu asiye na hali yako angeutumia. Kanuni ya 7 inaongeza kwamba hali hiyo iwepo katika zaidi ya nusu ya siku zote, si nusu ya siku moja.

Mtathmini akiandika kwamba unaweza kutembea mita 200, jiulize: naweza, lakini nikifika nalazimika kukaa kwa muda gani? Naweza kurudia safari hiyo mchana? Mtu aliyetembea hadi dukani kisha akalala kitandani mpaka jioni kwa uchovu hakurudia, na kwa macho ya sheria hakuweza. Uchovu wa VVU na wa dawa ni mgumu kuonekana kwa mgeni aliyekaa nawe kwa saa moja, ndiyo maana daftari lina thamani. Kila jioni andika mambo machache: ulichofanya, ulichoacha, kilichokuuma, nani alikusaidia, ulipumzika kwa muda gani. Andika na siku nzuri pia. Daftari lisilo na siku hata moja nzuri haliaminiki, na wala halina haja, kwa sababu kinachotakiwa ni zaidi ya nusu ya siku zote.

Hatua ya 6: Pata barua ya kliniki inayosema yanayohitajika

Barua ya kawaida ya kliniki ya VVU husema: anaendelea vizuri, virusi havionekani, anazingatia dawa, arudi baada ya miezi sita. Daktari ameiandika kwa nia njema, lakini ikitumwa DWP jinsi ilivyo, inaweza kutumika dhidi yako. Usiombe "barua ya kuthibitisha kwamba ninaishi na VVU". Hilo halina mgogoro. Mpelekee daktari, muuguzi au mfamasia wako karatasi ya ukurasa mmoja yenye shughuli zinazokushinda, umwombe aandike anachokijua juu ya hizo: ganzi ya miguu na tangu lini, kuharisha na dawa inayosababisha, wasiwasi na huzuni, kusahau, maumivu ya mifupa. Mwombe aongeze sentensi moja muhimu sana, ikiwa anakubaliana nayo: kwamba kufubazwa kwa virusi hakujaondoa matatizo haya.

Angalizo kuhusu GP, yaani daktari wako wa kawaida wa mtaani. DWP mara nyingi humwandikia GP, na kuna wenzetu ambao hawakutaka kliniki imjulishe GP hali yao, au ambao humwona GP mara moja kwa miaka miwili. GP huyo atajibu kwamba hana taarifa, na jibu hilo litasomwa kana kwamba huna tatizo. Eleza waziwazi kwamba matibabu yako yako kliniki ya VVU, na utoe jina la mhudumu wa huko.

Ushahidi wa ndugu au jirani nao una uzito, ila usimfichulie mtu hali yako kwa ajili ya barua. Mtu anaweza kuandika anachokiona bila kujua jina la ugonjwa: kwamba yeye ndiye anayekubebea mizigo ya sokoni, kwamba amekukuta umekaa kwenye ngazi ukishindwa kupanda, kwamba ulimpigia simu usiku kwa hofu.

Hatua ya 7: Andika ombi

Unaweza kutumia fomu CRMR1 au barua ya kawaida. Andika kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu maumivu husemeka vyema kwa lugha unayoyaishi, kisha mshauri akusaidie kuyaweka kwa Kiingereza. Nenda shughuli kwa shughuli. Kwa kila moja taja pointi ulizopewa, pointi unazodai, kilicho na kasoro kwenye ripoti, na ushahidi wako. Aya moja inaweza kuwa hivi:

"Katika kuandaa chakula nimepewa pointi 0. Ripoti inasema naweza kupika kwa sababu niliinua mikono yangu yote miwili. Sikuulizwa naweza kusimama kwa muda gani. Baada ya dakika tano miguu huniwaka mpaka nikae, na mwezi wa Machi nilijiunguza kwa maji ya moto kwa kuwa sihisi vidole. Napika nikiwa nimekaa kwenye kiti kirefu. Naomba pointi 2. Angalia barua ya muuguzi, aya ya tatu."

Jiepushe na makosa mawili. Usiandike ukurasa mzima kuhusu historia ya maambukizi yako. Hakuna pointi humo. Wala usitegemee Sheria ya Usawa ya mwaka 2010: ni kweli inamhesabu kila mwenye VVU kuwa mtu mwenye ulemavu tangu siku ya kupimwa, lakini hiyo ni kinga dhidi ya ubaguzi kazini na katika huduma, na haikupi PIP.

Hatua ya 8: Kata rufaa

DWP wakikataa kubadilisha, na mara nyingi hukataa, watakutumia Mandatory Reconsideration Notice. Itunze, kwa sababu rufaa huihitaji. Una mwezi mmoja kuanzia tarehe yake kujaza fomu SSCS1 au kukata rufaa kwa mtandao. Rufaa haina ada. Safari hii husomwa na watu wasio wa DWP: jaji, daktari, na mtu mwenye uzoefu wa ulemavu.

Chagua kusikilizwa, iwe kwa kuhudhuria, kwa video au kwa simu. Usichague kesi iamuliwe kwa karatasi tu kwa sababu ya aibu au hofu ya Kiingereza. Karatasi zilizopo ni zilezile zilizokunyima. Kinachokosekana ni wewe. Omba mkalimani kwenye fomu, naye hulipwa na baraza. Jamii yetu ni ndogo na hofu ya kukutana na mtu anayefahamiana na shemeji yako ina msingi, kwa hiyo andika kwenye fomu kwamba jambo hili ni nyeti na kwamba unaomba mkalimani asiye wa mji wako. Siku ya kikao, ukiona ni mtu unayemfahamu, sema kabla hamjaanza.

Hatua ya 9: Jiandae kwa maswali

Baraza huangalia hali yako ilivyokuwa siku ya uamuzi wa DWP, si ya leo. Kama kikao ni Novemba na uamuzi ulikuwa Februari, jikumbushe Februari: daftari litakusaidia.

Kisha kuna jambo ambalo nimeliona likiwaumiza watu wetu kuliko sheria yoyote. Tumelelewa kujibu salamu kwa adabu. Ukiulizwa hujambo, unasema sijambo, hata ukiwa umeshika ukuta. Ukiulizwa unaendeleaje, unasema namshukuru Mungu, naendelea vizuri. Mtathmini hajui kwamba hiyo ni salamu. Ataandika kwamba umesema u mzima. Mama mmoja niliyemsindikiza aliulizwa kama anaweza kupika, akajibu kwa fahari kwamba wali wake unasifiwa, kwa sababu mwanamke wa makamo hakiri mbele ya wageni kwamba jiko limemshinda. Wali huo ulikuwa umepikwa na binti yake kwa miaka mitatu. Aliposema hivyo mbele ya baraza alilia, na hakuna aliyemhukumu.

Jibu swali kwa siku ya kawaida, si kwa siku bora na si kwa siku mbaya kuliko zote. Usikubali neno "unaweza?" mpaka uongeze namna: naweza nikiwa nimekaa, naweza nikisaidiwa, naweza mara moja tu.

Mambo yakikwama

*Muda umepita.* Omba hata hivyo, ueleze sababu: kulazwa hospitali, msongo wa mawazo, barua kutofika. Mlango hubaki wazi hadi miezi 13 tangu tarehe ya uamuzi. DWP wakikataa kwa kuwa umechelewa, tangu hukumu ya mwaka 2017 ya Upper Tribunal, baraza la juu la rufaa, bado unaweza kukata rufaa ikiwa uliomba ndani ya miezi hiyo 13.

*Malipo yamekatwa wakati unasubiri.* England na Wales hulipwi kwa kiwango cha zamani wakati wa kupinga. Ukishinda utalipwa malimbikizo. Angalia pia vinavyoning'inia kwenye PIP, kama vile Carer's Allowance ya anayekutunza na gari la Motability, mpango wa kukodi gari kwa malipo ya PIP, na uzungumze mapema na wahusika.

*Nilipunguziwa tu, sikunyimwa.* Pata ushauri kwanza. DWP na baraza wana uwezo wa kuangalia uamuzi wote, na wanaweza kushusha hata ulichonacho. Baraza likikuonya kwamba linafikiria kushusha, una haki ya kuomba muda wa kushauriana, au kuomba kuondoa rufaa.

*Hali imezidi baada ya uamuzi.* Hilo haliingii kwenye rufaa hii. Uliza mshauri kama ulete dai jipya au utoe taarifa ya mabadiliko huku rufaa ikiendelea.

*Nimesikia kwamba sasa lazima upate pointi 4 kwenye shughuli moja.* Hilo lilikuwa pendekezo la serikali la mwaka 2025, nalo liliondolewa kwenye muswada Julai mwaka huohuo. Usiache kukata rufaa kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp.

*Nimeshindwa kwenye baraza.* Ndani ya mwezi mmoja omba sababu za uamuzi kwa maandishi. Ukiwa nazo, mshauri ataangalia kama kuna kosa la kisheria, kwa mfano kama baraza halikuligusa kabisa swali la kurudia shughuli au la usalama. Kosa hilo ndilo linaloweza kukufikisha Upper Tribunal, na huko msaada wa kisheria wa serikali unaweza kupatikana.